Tundu Linapoziba

Eustakia aliijua mipira ya mkojo kuliko wauguzi wengi, ila kwa karatasi tu. Kazi yake pale hospitalini ilikuwa kukaa chumba cha nyuma na mwenzake Evaristi, kusoma mafaili ya wagonjwa na kuandika namba za magonjwa na za matibabu kwenye fomu za bima. Mpira unaopita njia ya kawaida una namba yake, na ule unaopita kwenye tundu chini ya kitovu una nyingine. Kuubadilisha ni namba moja, kutoboa upya ni nyingine kabisa. Ukichanganya, fomu inarudishwa, na Eustakia hakuwa mtu wa kurudishiwa fomu.

Nyumbani kwake, kijijini Mbuba, alikuwepo mwenye mpira wa tumboni: baba mkwe wake, Mzee Nzeyimana. Tezi dume ilimzibia mkojo, daktari akamtoboa chini ya kitovu, akampitishia mpira unaoshuka mfukoni, akamwambia asubiri upasuaji. Huu ulikuwa mwezi wa sita anasubiri. Aliyemhudumia ni mwanawe Renatus, mume wa Eustakia. Siku ya kuruhusiwa, muuguzi Suzana alimfundisha Renatus kila hatua: anawe mikono, aoshe pembeni ya tundu kwa maji na sabuni, mfuko usikae juu ya kiuno, mpira wa akiba usikosekane ndani.

"Ukichomoka," alisema Suzana, "usisubiri gari wala daktari. Ingiza mwingine hapo hapo. Tundu hili halina subira. Linaziba."

Eustakia alisimama nyuma ya mumewe, akayashika yote. Hakuna aliyemgeukia, maana kila mtu mle chumbani alijua kwamba mkamwana haoni tumbo la baba mkwe wake.

Miaka tisa ya ndoa hakuwahi kukalia kiti cha mzee wala kuingia chumbani mwake akiwemo. Chakula alikiweka nje ya pazia, akakohoa kidogo, akaondoka. Wakikutana njiani kwenye migomba, yeye alipisha na mzee aliangalia pembeni. Mgeni angedhani wamegombana, kumbe ndivyo walivyopendana, na kwa kweli walipendana sana.

Ijumaa moja Renatus alikwenda Nyarubungo, upande wa Biharamulo, kumzika mjomba wake. Kazi ya kumwaga mkojo asubuhi na jioni akamwachia jirani yao Frednand. Jumapili Frednand alikuja mapema, akamwaga, akaenda zake mjini Benaco. Mzee akataka kuamka mwenyewe akaote jua. Mfuko ulikuwa umenasa kwenye mguu wa kitanda. Alipoinuka, mpira ulichomoka wote.

Ilikuwa saa mbili asubuhi. Eustakia alikuwa akimenya ndizi aliposikia mguno, akakimbia hadi kwenye pazia, akasimama. Mlango wa chumba kile ulikuwa hilo pazia tu, kitambaa cha maua kilichoning'inia kwenye kamba, wala upepo haukuhitaji ruhusa kulipita.

"Mpira umetoka," mzee alisema kutoka ndani.

"Baba, wa akiba upo kwenye boksi. Najua namna ya kuuingiza. Niruhusu."

"Mwanangu, mwite Frednand."

"Tundu linaziba, baba."

"Kama linaziba, lizibe. Wewe huingii humu."

Hakusema kwa ukali. Angesema kwa ukali huenda Eustakia angepata hasira ya kumvusha pazia. Alisema kwa upole, kama mtu anayemlinda mwanawe asikanyage moto.

Akampigia Renatus. Mara ya tatu simu ilipokelewa, nyuma yake waombolezaji wakiimba. Alimweleza, kisha akangoja mumewe aseme ingia. Neno hilo moja lingetosha. Renatus alisema amtafute Frednand haraka, na simu ikakatika. Eustakia naye hakuuliza kama aingie. Tusimlaumu mume peke yake.

Alituma bodaboda Benaco. Halafu akapiga magoti nje ya pazia na kuanza kumwelekeza mzee ajiingizie mwenyewe: afungue boksi, achane karatasi, asiguse ncha. Alisikia karatasi ikichanika na mzee akihema. Lakini macho yale yalikuwa na mtoto wa jicho na mikono ilitetemeka. Mara kitu kikaanguka sakafuni, na mzee akasema taratibu kwamba kimemponyoka, na kwamba sakafu ina mavi ya kuku. Mpira mwingine haukuwepo. Eustakia aliuma kanga asilie kwa sauti, akachemsha maji, mzee akausukuma mpira kwa fimbo hadi nje ya pazia ili uoshwe. Aliuosha, akaurudisha kwa njia ile ile. Hata hapo hakuvuka.

Frednand alifika saa tano na nusu. Ncha iliingia kiasi cha ukucha, ikagoma. Tumbo la mzee lilikuwa limejaa na kukaza.

Walifika hospitali saa saba na nusu. Muuguzi wa umri wa miaka ishirini na kitu alimvua mzee nguo zote mbele ya watu wanne, naye hakupinga hata kidogo, maana binti yule hakuwa mke wa mwanawe. Eustakia alikuwa nje akiutazama ukuta. Daktari alimtoboa upya, ukatoka mkojo mchafu wenye damu. Usiku homa ikapanda.

Jumatatu faili lilifika mezani. Evaristi alitaka kulichukua, Eustakia akakataa. Aliandika namba ya tezi dume, ya mpira uliochomoka, ya kutoboa upya. Kisha akasoma maelezo ya daktari: mpira ulitoka saa mbili asubuhi, nyumbani hapakuwa na mtu wa kuurudisha. Aliisoma sentensi hiyo mara nyingi. Ilikuwa ya uongo, na ilikuwa na sahihi na muhuri. Aliipeleka kama ilivyo.

Jumatano mzee akafa. Sumu ya mkojo ilikuwa imeingia kwenye damu, walisema.

Renatus alilia kama mtoto na hakumuuliza mkewe chochote. Siku ya mazishi, Consolatha, dada wa marehemu, mama mwenye mwili mkubwa anayesikilizwa na ukoo mzima, alisimama katikati ya wanawake akamshika Eustakia mkono.

"Nataka mabinti zetu wamtazame huyu," alisema. "Kaka yangu amekwenda na heshima yake. Mpira umetoka, mzee anaumia, mkamwana yuko peke yake naye nyumbani, na hakuvuka. Wangapi wa siku hizi wangevumilia?"

Wanawake wakaitikia, wengine wakapiga vigelegele vya chini kwa chini. Eustakia alitaka kuwaambia kwamba alijua kila hatua, kwamba ingekuwa kazi ya dakika tatu, kwamba amemuua. Alimtafuta Renatus kwa macho. Renatus alikuwa akitazama udongo.

"Asante, shangazi," alisema, akainamisha kichwa, nao wakazidi kumsifu kwa unyenyekevu wake.