Uzi Mweupe kati ya León na Kastilia

Katika karakana ya ramani ya Don Eleuterio, pale Madrid, karibu na barabara ya Toledo, kila mwanamke alikuwa na ufalme wake. Engracia alipaka Aragon rangi ya manjano, na ole wake aliyemgusia Aragon yake. Obdulia, mzaliwa wa Astorga, alipaka León kijani. Fuencisla wa Segovia, aliyekaa ubavuni pake, alipaka Kastilia ya Kale rangi ya waridi. Karatasi zilitoka kwenye mtambo zikiwa na mistari mitupu, milima na mito na majina, zikapita mkono hadi mkono mezani mpaka Hispania nzima ikavaa rangi. Wapo wanaosema mashine nazo zinaweza kazi hiyo. Waache waseme. Mashine haijui kupunguza maji kwenye brashi inapokaribia bahari.

Na kwa meza ile yote, mkono bora ulikuwa wa Fuencisla. Waridi lake halikuwa na doa wala wimbi. Lilitanda kutoka milima ya kaskazini hadi Ávila kama pumzi moja, likafika kwenye mstari wa mpaka likasimama palepale. Obdulia aliujua uzuri huo kuliko yeyote. Aliutazama kila siku kwa pembe ya jicho, akavutiwa, akajikasirikia kwa kuvutiwa, kwa sababu yeye na Fuencisla hawakuwa wakisemezana.

Mama yake Obdulia alifariki majira ya baridi yaliyopita, palepale Madrid, kwenye chumba cha bintiye. Obdulia hakuwa na ndugu mwingine mjini. Meza nzima ilikuja mazishini, wote wamevaa nyeusi, hata Don Eleuterio alikuja akavua kofia. Fuencisla hakuonekana. Hakuja kesho yake, hakuja kwenye sala za marehemu. Siku Obdulia aliporudi kazini, Fuencisla alimwambia, "Pole, mwenzangu," kwa sauti ndogo, macho kwenye kisahani cha rangi.

"Pole yako kaile na dengu," Obdulia akamjibu. Tangu hapo hakukuwa na neno.

Sasa misa ya kutimiza mwaka ilikuwa inakaribia. Benchi la mbele kanisani ni la wafiwa, na kila mtu anajua nani hukaa pale: watoto, ndugu, na yule aliyekuwa kama ndugu. Alichokitaka Obdulia, na asingekisema hata kwa kiboko, ni mtu mmoja wa kukaa naye pale. Na hakumtaka mtu mwingine yeyote ila yule aliyekuwa hamsemeshi.

Tatizo ni kwamba kazi yenyewe inataka watu wasemezane. Kijani kikiwa bado kibichi, ukileta waridi karibu, rangi zinaingiliana na mpaka unakuwa tope. Zamani Obdulia akimaliza León yake alipuliza kidogo, akagusa kwa kidole kidogo, akasema, "Imekauka, shoga," na Fuencisla ndipo alipotia brashi yake. Siku hizi Obdulia alisukuma tu karatasi upande wa pili kama mtu anayeondoa sahani ya mgeni asiyemtaka. Fuencisla alibaki kukisia. Ramani moja ikachafuka, kisha nyingine.

Don Eleuterio akaja akasimama nyuma yao. "Mabibi, mpaka huu ukichafuka tena, mmoja wenu atakwenda kupaka vifuniko vya masanduku ya peremende."

Baada ya hapo Fuencisla akaanza kuusimamisha mkono wake kabla ya mstari. Aliacha nafasi nyembamba ya karatasi tupu, nyembamba kama uzi wa kushonea. Obdulia alipoiona, moyo ulimchoma. Kumbe hata rangi yangu hataki kuigusa! Basi karatasi iliyofuata naye akakivuta kijani chake nyuma, na iliyofuata vilevile. Wakaendelea hivyo, kila mmoja akimkwepa mwenzake, wala hakuna aliyeinua kichwa kuona wanachokitengeneza.

Aliyekiona ni Padri Sabiniano wa kanisa kuu la Burgos, aliyefika kutafuta ramani kwa ajili ya maktaba yao. Alikuwa mzee mnene mwenye kikohozi na kioo cha kukuzia mfukoni. Alitazama Galicia, akatazama Andalusia, akaguna tu. Alipofika kati ya León na Kastilia akakitoa kile kioo. Uzi mweupe ulishuka ramani nzima, ukipinda na kila mto, kote unene uleule, kijani huku na waridi kule, na falme zote mbili zilionekana kung'aa kwa sababu yake.

"Mtakatifu wangu," padri akasema. "Nani ana mkono huu?"

"Ni mikono miwili, Padri," Don Eleuterio akajibu. "Na wenye mikono hawasemezani tangu mwaka jana."

"Hawa? Usinichekeshe nikakohoa. Tazama hapa: huyu anapopinda, yule amekwisha kupinda. Kuna watu niliowafungisha ndoa kwa mkono wangu, hawajafikia hapa." Akawageukia. "Ramani zote za maktaba nazitaka zipakwe hivi. Nani aliyebuni uzi huu?"

"Si mimi," Obdulia akasema. "Ni huyu hapa. Aliizuia rangi yake isinikaribie."

"Niliogopa kukuchafulia," Fuencisla akasema.

Yalikuwa maneno ya kwanza tangu ile pole, na Obdulia akaona hasira inampanda mpaka masikioni. "Kunichafulia! Na mama yangu, kumzika uliogopa kumchafulia nini?"

Fuencisla akainama. Engracia akatua brashi. "Mwambie, Fuencisla. Mwambie habari ya shela, au nitamwambia mimi."

"Engracia, lamba manjano yako unyamaze."

"Shela gani?" Obdulia akauliza.

"Sikuwa na shela nyeusi."

"Ulikuwa nayo. Ya sufu, ya marehemu shangazi yako. Usinifanye mtoto."

"Iliungua."

"Iliungua wapi?"

Fuencisla alinyoosha brashi chini ya meza, kwenye jiko la makaa lililokuwa likiwapasha miguu.

Obdulia akalitazama lile jiko. Ikamrudia ile asubuhi ya kufiwa: jirani yake mlangoni mwa karakana anahema na habari, yeye mwenyewe anainuka, anaanguka. Mtu alimdaka kwa nyuma kabla hajafika sakafuni, akamkumbatia kwa nguvu, hakumwachilia. Na palikuwa na harufu ya sufu inayoungua, harufu ambayo mwaka mzima Obdulia aliidhani kuwa ndiyo harufu ya msiba.

"Ilikudondoka kwenye makaa," akasema taratibu. "Uliporuka kunishika."

"Nilikuja mazishini," Fuencisla akasema. "Nilisimama ng'ambo ya barabara, mlangoni kwa kinyozi, na hii shela yangu ya maua. Wote mmevaa nyeusi. Nikaona aibu kuvuka."

"Mwaka mzima, Fuencisla! Mdomo wako ulikuwa na kazi gani?"

"Siku unamzika mama yako, nije nikudai shela?"

Don Eleuterio alitaka kusema neno kuhusu kazi iliyolala. Padri akamkanyaga mguu.

Obdulia alikuwa akilia, na hakujificha. Alijifuta kwa kiwiko, akavuta karatasi mpya, akachovya kijani. Alishuka na mpaka wote, kutoka milimani hadi Ávila, akiacha nafasi yake ya uzi, maana padri alikwisha kusema anautaka. Akapuliza. Akagusa kwa kidole kidogo.

"Imekauka, shoga," akasema.

Fuencisla akachukua brashi. Akachovya waridi, akashuka upande wa pili wa uzi.

Siku ya misa kulikuwa na baridi kali. Wanawake wa karakana walikuja wote, wamevaa nyeusi tii, wakajaza mabenchi ya katikati. Fuencisla aliingia wa mwisho. Bado hakuwa amepata shela nyingine, na yale maua yake mekundu yalionekana kutoka altareni. Akajibana nyuma kabisa, karibu na mlango.

Obdulia akageuka kutoka benchi la mbele. "We Mkastilia," akaita, sauti ikajaa kanisa zima, "huko nyuma umefiwa na nani? Njoo huku."

Fuencisla akapita katikati ya macho yote yale akakaa, kwa adabu, mbali kidogo.

"Watu wanayatazama maua," akanong'ona.

"Waache watazame. Sogea."

Akasogea. Obdulia naye akasogea, mpaka mabega yakagusana, nyeusi na maua, na safari hii hakuna aliyeacha uzi.