Kibubu cha Chuma na Miwani ya Wakili

Nimetengeneza kufuli miaka arobaini na moja na sikusomea popote. Nilianza kwa kufungua kabati la sukari la mama yangu. Kufuli langu moja lilimkalisha mwizi mlangoni siku tatu. Ya nne akabisha hodi, akaomba nimpe kazi. Asiyeamini akamuulize mwizi.

Kwa hiyo mjukuu wangu wa kike alipotakiwa kuweka akiba ya miwani, nikaona shughuli hiyo ni yangu. Ana miaka kumi, na kwa maswali yake tunamwita Wakili. Darasani alikuwa anaona tatu ananakili nane, na mtihani wa kuvuka darasa ulikuwa umebakiza wiki kumi na mbili. Mama yake, binti yangu, anapiga pasi kwa dobi. Kila Ijumaa alimpa mtoto hela kidogo ya miwani. Mkononi mwa mtoto, si mwangu.

"Baba, hela ikikaa kwako inaota miguu," aliniambia.

Sikubishana naye. Mwaka fulani karo yake ilinunua redio isiyosema.

Nikaunda kibubu cha chuma, kizito kama dhambi, kufuli limejificha ndani, juu mwanya wa kutumbukizia hela. Nikamkalisha Wakili kwenye stuli.

"Somo la kwanza: hela iliyo karibu na mkono haina adabu. La pili: uliza bei kabla hujakipenda kitu. La tatu: ukitoa hela, dai risiti, hata kama anayepokea ni babu yako."

"Na hiki kinafunguliwaje, Babu?"

"Kwa ufunguo huu, mmoja tu duniani. Tena ona mwanya nilivyoupima, hata ufunguo wenyewe unapita."

Ukapita kweli. Tukausikia ukigonga chini, kling!

Tukatazamana.

"Nimefanya makusudi," nikasema. "Huo ndio ulinzi wenyewe."

Wakili akachungulia mwanyani. Mtoto huyo akinyamaza, ujue anaandika hukumu.

Kila Jumapili nilikitikisa kibubu, nacho kikazidi kunguruma. Nikatamba mtaa mzima kwamba mjukuu wangu atanunua duka la miwani, lenye duka ndani yake.

Ikafika Jumamosi ya mwisho. Mtihani Jumatatu, na fundi miwani hufunga saa sita mchana hadi Jumanne. Wakili alikuwa kwenye masomo ya ziada mpaka saa tano. Nikaamka mapema ili arudi akute hela mezani. Nikaanza na waya, nikaja na tupa, nikamalizia na keekee iliyovunjika meno matatu. Hakuna kufuli lililowahi kunishinda ila hilo, na aliyelitengeneza namjua.

Saa nne na nusu nikakibeba mpaka kwa jirani yangu, fundi wa kuchomelea.

"Mzee, hiki ulimtengenezea nani, jeshi?"

"Kata, mwanangu, acha maneno."

"Nikitumia moto noti zitaungua."

"Basi tumia grenda, polepole."

Cheche zikaruka. Kila dakika nilichungulia saa ya ukutani. Saa tano na nusu ubavu ukaachia, vitu vikamwagika sakafuni: ufunguo wangu, nati, washa za bolti, misumari iliyopinda. Senti hata moja hakuna.

Fundi akazima grenda. "Mzee," akauliza taratibu, "hela iko wapi?"

Nikakaa juu ya rundo la nondo. Mtoto atafanya mtihani kwa kupapasa. Na mama yake atasema ni mimi. Ningekuwa yeye, ningesema hivyohivyo.

"Shikamoo, Babu. Mbona umekaa kwenye nondo?"

Wakili alikuwa amesimama mlangoni, mkoba begani, miwani puani.

Nikainyooshea miwani kidole. "Nani kakupa?"

"Sikupewa. Nimenunua." Akafungua mkoba, akatoa risiti kumi na mbili zilizobanwa kwa pini. "Ijumaa ileile ya kwanza nilikwenda kuuliza bei. Fundi miwani akakubali nimlipe kila wiki. Malipo ya mwisho akanipunguzia, chenji nimenunua kalamu. Mama ndiye aliyeniwekea sahihi."

"Mama yako anajua? Na hizi nati?"

"Ulikuwa unakitikisa kila Jumapili. Kingekuwa kimya, ungeugua."

"Kwa nini hukuniambia, mama?"

"Ulishatangaza mtaa mzima, Babu. Mama akasema tusikuvunje moyo. Nilitaka nikuambie leo nikirudi. Wewe kila siku huanza kazi mchana, ningejuaje leo utawahi?"

Fundi akageukia ukuta, mabega yanamtikisika kwa kicheko. Mimi nilishusha pumzi mpaka vumbi la sakafuni likahama.

"Hebu nisomee kibao cha duka la dawa, kule ng'ambo ya barabara."

Akasoma jina, akasoma saa za kufungua, akasoma namba ya simu, akashuka mpaka maandishi ya chini kabisa ambayo mimi sikuwahi kujua kama yapo. Hakukosea hata tarakimu moja. Kisha akanigeukia, akanikagua uso kama anayesoma mkataba.

"Babu, una chozi hapo shavuni."

"Ni vumbi la grenda."

"Vumbi gani, mzee?" fundi akadakia. "Chozi hilo hata mimi nisiye na miwani naliona."