Namba Tasa

"Mia moja na moja," dada Mong'ina alisema, akilamba ncha ya penseli. "Imebaki moja. Tena moja!"

Tulikuwa jikoni kwake Rangwe, Agosti ya 1997, tumeinamia karatasi ya mfuko wa saruji. Mwalimu Gisiri alikuwa ametupa kazi ya likizo: je, mbali na moja, ipo namba ndogo inayoigawa 99,991 isibaki kitu? Mbili ilibakisha moja. Tatu, moja. Tano na kumi na moja, vivyo hivyo. Dada, aliyeachishwa shule darasa la saba ili aolewe, aligawanya upesi kunishinda mimi wa kidato cha pili, na kila baki ya moja ilimuuma. Mimba yake ya pekee ilikuwa imetoka mwezi wa tano. Mumewe, Wesley, alikuwa amempa hadi Desemba. Baada ya hapo, arudi kwao.

"Na isipogawanyika kabisa, inaitwaje?"

Shuleni tuliiita praimu. Ningesema hivyo, yangeishia hapo. Lakini Gisiri alisoma ng'ambo ya mpaka, alikofundishwa hesabu kwa Kiswahili, nami nilikivaa Kiswahili chake kama viatu vipya, nikitaka visikike.

"Tasa, dada!" nikapaza sauti. "Hii ni tasa. Ufanye utakavyo, haitoi kitu."

Mlangoni, ungo wa dagaa omena uliacha kupepetwa. Mama mkwe wake, ambaye miezi yote hiyo ndiye aliyemsihi Wesley avumilie, alisimama pale.

"Nyar Kuria," akamwita dada polepole, binti wa Wakuria kwa lugha yao, "kumbe kwenu mnajua?"

"Ni hesabu, Mama."

"Hesabu ina tumbo?"

Nikaanza kueleza. Nilieleza kwa ufasaha, na ufasaha ukazidi kuharibu. Kiswahili cha mama mkwe kilikuwa cha sokoni. Katika maneno yangu yote alishika lile moja tu.

"Nyamaza, Roselyn," dada akasema. "Tumalize."

Tukazimaliza namba tasa zote sitini na tano za kujaribu. Ya mwisho, 313, ilibakisha 144.

"Na 317?" dada akauliza.

"Haina haja. Ukiizidisha kwa yenyewe inapita 99,991. Kama hatujapata kufikia hapa, hakuna tena."

"Hakuna tena," akarudia, kama anayesomewa barua.

Mama mkwe hakumtetea tena. Wesley hakungoja Desemba. Oktoba nilitumwa kuchukua vitu vya dada: sufuria mbili, shuka, na ile karatasi, imekunjwa ndani ya shuka. Chini ya 313 mwandiko wake ulikuwa umeendelea peke yake: 317, 331, 337, mstari kwa mstari, hadi 401. Hapo penseli ilikandamizwa mpaka karatasi ikatoboka. Baki, sifuri.

Niligawanya upya kichwani, nimesimama uani. Baki ni 142.

Nilikuwa na kalamu mfukoni. Nikaikunja karatasi ilivyokuwa.