Sahani Chini ya Chungu

To. Kimya kidogo. To.

Lusungu alisikia tone likigonga sahani ya bati gizani, akajua chungu kipya alichokuja nacho mama yake hapo Matema kinavuja. Mama, Anyisile, mfinyanzi wa Ikombe, hauzi chungu kabla ya kukijaza maji na kukitegea sahani usiku kucha. Na kisipovuja, hauamini ukimya mpaka adondoshe tone kwa kidole chake, asikie kama sahani yenyewe inalia.

Kulikuwa kunapambazuka, na mama alitaka kurudi Ikombe kwa mtumbwi. Lusungu akamsihi angoje. King'ora cha upepo pale ufukweni Matema, ambacho programu yake waliiandika yeye na Ambrose, mwenzake wa masomo ya jioni, juzi kilinyamaza upepo ukivuma, mtumbwi ukapinduka. Watu waliokolewa kwa taabu.

"Hiyo kompyuta yako ikikohoa," mama alisema akijitwisha kikapu, "nitaisikia nikiwa majini."

Akatoka. Lusungu akaijenga programu upya. Aliwasha swichi zote za maonyo, ili kompyuta imwonyeshe kila penye shaka katika maandishi ya programu. Haikulalamika hata kidogo. Ukimya huo hakuuamini.

To.

Akafanya kama mama. Akapachika kosa la makusudi, kosa la wazi kabisa, akajenga tena. Kimya. Basi maonyo hayakuwa yakifanya kazi tangu mwanzo.

Akalipekua faili la ujenzi, lenye maagizo ya namna ya kuijenga programu. Huko chini Ambrose aliweka swichi zake za kuipa programu kasi, na mstari wake, badala ya kuongezea swichi za Lusungu, ulizifuta zote. Akaurekebisha. Maonyo yakamiminika: kosa alilolipachika, na jingine asilolijua. Kasi ya upepo ilihifadhiwa kwenye nafasi finyu ya kumbukumbu. Ikizidi, hesabu inaanza tena sifuri. Upepo mkali ulisomeka kama shwari.

Nje majani ya migomba yalianza kupigana. Lusungu akaipanua nafasi ile, akaondoa kosa lake, akajenga, akatuma programu kule ufukweni. Akangoja. Hakuthubutu kutazama ziwa.

King'ora kikalia, kirefu, mpaka sahani ikatikisika sakafuni.

Kisa, binti yake mdogo, akaamka mkekani, akajikokota hadi mlangoni na kuchungulia njia ya ufukweni.

"Bibi anarudi," akasema.