Namba za Gari la Oksijeni

Josiane Barrau alikuwa mtunza makazi ya Les Tamaris, pembezoni mwa Toulouse, kwa miaka ishirini na sita, na muda wote huo geti la magari lilifunguliwa kwa kidole chake. Dereva alibonyeza kengele, Josiane akachungulia dirishani, akamtambua, akafungua. Wa mkate, wa samaki, wa vifurushi, fundi wa lifti: wote aliwajua kwa sura, na wengine aliwajulia mpaka majina ya watoto wao.

Mwezi wa Juni gari moja la vifurushi lilipita mbio, likavunja kioo cha pembeni cha gari la Bi Destrem, mwenyekiti wa kamati ya wenye nyumba, likatokomea. Wiki tatu baadaye kamera ilikuwa imefungwa juu ya nguzo. Kamera ilisoma namba za gari. Zikiwamo kwenye orodha, geti lilifunguka lenyewe. Zisipokuwamo, gari lilibaki barabarani hata dereva angepiga honi mchana kutwa. Kengele ya zamani haikufungua tena geti hilo. Kazi ya kuingiza namba kwenye orodha, kwa simu yake, akapewa Josiane.

"Wewe ndiye unayewajua," alisema Bi Destrem. "Nani mwingine?"

Josiane aliitikia tu.

Hakuna mtu pale aliyejua kwamba herufi zilimchezea Josiane tangu utotoni. Alipozikodolea macho zilibadilishana nafasi, b ikajifanya d, saba ikamruka nane. Maneno aliyamudu kwa kubahatisha. Akiona yalivyoanza na urefu wake, mengine alijijazia. Barua za wapangaji alizigawa kwa kukumbuka nafasi ya kila sanduku. Fomu alijaziwa na mumewe, na mumewe alipofariki akaanza kusahau miwani kila palipotokea karatasi ya kusaini. Lakini namba ya gari haibahatishwi. Ni herufi na tarakimu tupu, haina maana ya kujishikiza.

Basi kila namba mpya ilimlia robo saa. Aliweka rula chini ya mstari, akagusa herufi moja moja, akarudia, na bado akawa hana hakika. Wiki ya kwanza mwenye mkate alikwama nje. Wiki ya pili akakwama mwenye samaki, barafu ikayeyuka, maji yakamwagika barabarani.

"Kamera hiyo inapigwa na jua," Josiane alimwambia Bi Destrem. "Haioni vizuri."

Bi Destrem aliamini. Josiane ndiye aliyekosa usingizi, kwa sababu kila siku ya Jumanne alikuja Régis Pomarède na gari la oksijeni.

Régis alimletea oksijeni Mzee Cabrol, mgawa barua mstaafu aliyekaa chini kabisa katika jengo C na ambaye mapafu yake yalikuwa yamechoka. Sebuleni mwake kulikuwa na tangi kubwa ambalo Régis alilijaza kwa mpira mrefu kutoka garini, kwa hiyo gari lilipaswa kufika mpaka mlangoni. Wiki ya pili ya Septemba kampuni ilimpa Régis gari jipya. Alituma namba zake Ijumaa. Josiane aliziandika mara tatu, akazifuta mara mbili.

Jumanne iliyofuata alikuwa akipiga deki ngazi za jengo A, simu ameiacha ikichajiwa katika kijumba chake kando ya geti. Alishuka karibu saa tano na ndoo mkononi, akamkuta Mzee Cabrol ameketi kwenye kizingiti cha kijumba, kamrija kamepita chini ya pua, chupa ndogo ya oksijeni inaning'inia begani.

"Ulikuwa wapi, binti?" mzee alisema, akipumua kati ya neno na neno. "Nimetembea mita mia. Sijafika mbali hivi tangu Pasaka."

"Baba Cabrol, unafanya nini nje?"

"Régis kaja, geti likamkatalia. Kakupigia, hupokei. Basi la abiria nyuma yake likawa linapiga honi, askari akamwambia aondoke. Tangi langu limekauka toka asubuhi." Akapigapiga ile chupa. "Hii ina oksijeni ya saa moja hivi."

Ndoo ilimponyoka Josiane. Hakuhitaji kutafuta namba ya simu ya Régis. Namba za simu alizishika kwa sikio, na zilizoingia hazikutoka. Alipiga papo hapo.

"Niko Balma kwa mgonjwa mwingine," Régis alisema. "Namalizia. Nipe dakika arobaini, Bi Josiane. Mkalishe kivulini, asiongee."

"Asiongee? Huyu?"

"Jitahidi."

Alimkalisha kitini, akachukua ufunguo wa dharura, akalifungua geti kwa mkono na kusimama katikati yake kama kigingi. Mwenye vifurushi alitaka kupita, akaambiwa asubiri. Mama mmoja akauliza kuna nini, hakujibiwa. Josiane alikuwa akihesabu dakika, na kila baada ya tano alipaza sauti, "Baba Cabrol?" na mzee akainua kidole gumba.

Gari jeupe lilitokea kwenye kona dakika ya thelathini na nne. Régis hakusalimia, alimpandisha mzee garini, akaliendesha moja kwa moja mpaka jengo C, akavuta mpira, na baada ya muda tangi likaanza kutoa mvuke wa baridi. Alimbana mzee kidoleni kifaa cha kupima oksijeni ya damu.

"Tisini na tatu," alisema. "Wiki iliyopita ulikuwa tisini na mbili. Kumbe matembezi yanakufaa."

Josiane, aliyewafuata kwa miguu, aliketi kwenye kochi la watu bila kukaribishwa. Pumzi aliyoishusha ilikuwa ndefu hata Mzee Cabrol akamtazama.

"Unataka mrija na wewe?"

Bi Destrem aliingia wakati huohuo, amesikia habari. "Kamera tena?"

Régis alikuwa amefungua orodha kwenye simu ya Josiane. "Hapa imeandikwa GQ-807-DB. Langu ni GQ-708-BD."

Josiane angeweza kusema jua. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Akamwangalia mzee na mrija wake.

"Si kamera," alisema. "Ni mimi. Herufi zinanigeukia. Tangu shule. Sikuwahi kusoma vizuri, Bi Destrem. Ningemwua mtu kwa kuona aibu."

Akangoja aambiwe afungashe vitu vyake.

"Kwani unaziandika kwa mkono?" aliuliza Régis.

"Nifanyeje?"

"Mtunza makazi mwenzako wa kule Balma haandiki kitu. Kamera inapiga picha kila gari inalolikatalia. Unafungua picha, unabonyeza kukubali, basi. Namba inajiingiza."

Josiane akamgeukia Bi Destrem. Bi Destrem alikuwa amekuwa mwekundu mashavuni.

"Imo kwenye karatasi za maelekezo," alisema polepole. "Kurasa nane. Nilikupa bila kuzisoma."

"Na mimi nikapokea bila kuzisoma," alisema Josiane.

Mzee Cabrol alicheka mpaka Régis akamwonya.

Wale wanawake wawili walihamia kijumbani, Bi Destrem akapika kahawa mwenyewe. Kwenye skrini ya simu zilijipanga picha za magari yote yaliyowahi kukataliwa. Josiane aliyatambua kwa mikwaruzo, kwa mapazia, kwa sanamu zilizoning'inia kwenye kioo. "Huyu wa samaki. Huyu fundi wa lifti. Huyu simjui, abaki nje." Akabonyeza, akabonyeza. Magari thelathini na moja yaliingia orodhani kabla kahawa haijapoa.

"Hii kazi ni yako, haina mwingine," alisema Bi Destrem. Kisha, kwa sauti ya chini: "Na zile ripoti za mikutano ulizokuwa unasaini?"

"Nilikuwa nakuuliza unaonaje, halafu nasema sawa."

"Mungu wangu," alisema Bi Destrem, akavuta kiti. "Kuanzia leo nitakusomea."

Alasiri Josiane alimpigia dadake aliyeko Albi, akamweleza yote, kuanzia kwenye ndoo. Dadake alisikiliza mpaka mwisho.

"Nilijua tangu tuko darasa la pili," alisema. "Nilidhani hupendi isemwe."

"Sikupenda."

"Na sasa?"

Josiane alilala chali kitandani, viatu miguuni, dirisha wazi. Huko nje geti lilifunguka, gari likaingia, geti likajifunga. Hakuinuka kuchungulia ni nani.

"Sasa nasikia njaa," alisema. "Toka asubuhi sijala kitu."