Kura ya Mkono wa Kushoto

Mkono ukijinyanyua wenyewe, kura ni ya nani? Swali hilo lilimkuta fundi cherehani mmoja mzee. Tangu apigwe na kiharusi, mkono wake wa kushoto ulikuwa umekaza na kujikunja kifuani, mgumu kama kigogo. Mkewe na daktari walishindwa kuukunjua, lakini yeye akipiga mwayo tu, ulipaa juu kwa heshima zote.

Siku moja mafundi kumi na mmoja wa ushirika, yeye akiwemo, walikutana kuamua kama aondolewe kazini. Katibu alisoma maelezo marefu, kisha akauliza, "Wanaounga mkono?"

Mikono mitano ikanyooka, mitano ikatulia mapajani. Fundi, aliyechoshwa na maelezo, akapiga mwayo.

"Sita!" katibu akatangaza. "Mzee kajifukuza mwenyewe!"

"Huo ni mwayo, shemeji!" akafoka mkewe, aliyekuja kumshikilia asianguke.

"Kanuni inasema mkono, shemeji. Haijataja mdomo."

Fundi akainuka kupinga. Sakafu ikamwendea mrama, akayumba na kumwangukia katibu kifuani, na vidole vya kushoto vikang'ang'ania tai yake.

"Niachie!"

"Ningependa, ndugu yangu, ila mkono hausikii."

Ukumbi ukaangua kicheko, hata wale watano waliotaka aondolewe. Fundi hakucheka. Aliwageukia wenzake, katibu akiwa bado mkononi.

"Sikilizeni. Kura yangu ni ya mkono wa kulia, na nimekataa. Ngumi hii itakandamiza kitambaa, wa kulia utakata. Kesho saa mbili asubuhi nipo kazini."