Habari ya Mfinyanzi Asiyeona

Fundi baiskeli alipopoteza macho, mkewe, msusi, alijitoa mhanga. Alimfunga vifungo vya shati, alimpozea chai, alimshika mkono hadi mlangoni mwa choo. Wateja waliokuja kusukwa walimsifu, mke kama huyo hapatikani. Fundi mwenyewe alizidi kunyamaza. Alishinda kwenye kochi, mikono imelala mapajani kana kwamba si yake.

Starehe iliyombakia ilikuwa gazeti. Kila asubuhi mkewe alimsomea, naye akapata wa kumlaumu: leo mbunge, kesho refa. Siku moja mama huyo aligeuza ukurasa, moyo ukamruka. Palikuwa na habari ya mwanamke mmoja mfinyanzi aliyepofuka ukubwani, na sasa vyungu vyake vinagombaniwa sokoni.

"Hii ndiyo dawa ya mzee wangu," alijisemea, akasafisha koo. "Baba Watoto, hebu sikiliza hii."

Alisoma kwa mbwembwe zote. Fundi akaguna.

"Chumvi hiyo. Waandishi nawajua mimi."

"Chumvi gani? Si picha yake hii hapa!"

"Haya, nionyeshe."

Mama akalinyoosha gazeti kumwelekea, halafu wakacheka wote wawili, kicheko ambacho nyumba ile ilikuwa imekisahau. Mama akaendelea kusoma huku akifuta machozi ya kicheko.

"'Kilichonitesa si giza,' alisema mfinyanzi huyo. 'Watu wangu walinipenda mpaka wakaninyang'anya kila kazi. Nikawa mgeni nyumbani kwangu. Siku waliponiacha nivunje chungu changu mwenyewe, ndipo...'"

Akaurudia mstari ule kwa macho.

"Mbona umenyamaza?"

"Maandishi madogo."

"Yamekuwa madogo hapo tu?"

Mama akaweka gazeti chini. Habari aliyomchagulia mumewe ilikuwa imemgeukia yeye.

"Mume wangu, nimekufanya mgeni?"

Fundi alipapasa mpaka akaupata mkono wake. "Ulikuwa unanipenda. Mtu anaanzaje kulalamikia hilo?"

"Ungeanza hata na kitu kidogo."

"Basi vifungo. Kila siku unanikaba roho."

Mkewe akamsukuma bega, akicheka na kulia kwa pamoja.

Kesho yake fundi alijimiminia chai. Nyingine iliingia kikombeni, nyingine ikaogelea kwenye sinia. Mkewe aliikalia mikono yake ili isiende kusaidia. Fundi alipomaliza kunywa, aliuliza kama ringi ya baiskeli ya binti yao bado imepinda.

"Imepinda vibaya."

"Niletee. Na spana yangu ya spoki."

Alikaa uani, baiskeli imepinduliwa miguu juu. Akazungusha gurudumu, ukucha wa kidole gumba ameusogeza karibu na ringi. Ilipokwaruza, alisimamisha, akatafuta spoki, akakaza kidogo, akazungusha tena. Alijikata kidole, akakinyonya, akaendelea. Upande wa pili wa ua mkewe alikuwa anasuka, na mara mbili alikosea mstari.

"Mama, leo una nini?" mteja aliuliza.

"Msuko ni huu huu, tulia."

Binti alirudi kutoka kazini jioni, akapanda baiskeli na kuzunguka ua mzima.

"Imenyooka, Baba! Inacheza kidogo tu."

"Kidogo wapi?"

"Hata haisumbui."

"Sijauliza kama inasumbua. Irudishe hapa," alifoka, kama fundi yeyote aliyeguswa kazi yake, na mkewe akainamia nywele za mteja ili asionekane anavyotabasamu.